Mgeni Siku Mbili, na Jembe la Siku ya Tatu

Na Mwandishi Wetu, Singida

Mtu atokaye Dodoma kwa barabara kuu, akaipita Manyoni na kushika njia ya Singida, hupokewa kwanza na upepo, kisha na mawe. Mawe makubwa yamekaa kando ya barabara na katikati ya mji kana kwamba yalipangwa kwa mkono, na karibu nayo yamelala maziwa mawili, Singidani na Kindai. Lakini aliyekuja kwa ajili ya biashara hatazami sana mawe wala maziwa. Yeye huzitazama barabara. Moja yatoka Dodoma na pwani. Ya pili yaenda Nzega na nchi za Ziwa. Ya tatu yaelekea Babati na Arusha, hata mpaka wa Kenya. Mji uliokaa njia panda haukosi wageni.

Wageni hao hawaji bure. Mkoa wa Singida, ambao kwa sensa ya 2022 ulikuwa na watu wapatao milioni mbili, ni nchi ya alizeti, vitunguu, dengu, mtama, asali na kuku. Msimu wa mavuno ukifika, malori husimama vijijini, na ndani ya malori hayo wamo wanunuzi wa kila namna: wa Singida yenyewe, wa Dar es Salaam, na wengine waliovuka mpaka. Tangu tarehe 28 Julai 2025 limezuka swali ambalo kila mkulima, kila karani wa halmashauri na kila mwanachama wa tawi yampasa awe na jibu lake. Je, mnunuzi huyu ni raia? Na kama si raia, amekuja kwa hati gani, na je, hati hiyo yamruhusu kusimama shambani na mizani?

Wako wadhanio kuwa swali hili ni la polisi na Uhamiaji peke yao. Sisi twasema kuwa ni swali la mkate wa mwananchi, na kwa hiyo ni swali la Chama pia. Ndiyo sababu leo twapenda kulieleza kwa kituo, ili asiyejua ajue, na anayejua nusu asiwapotoshe wenziwe.

AMRI YA JULAI 2025

Kwanza yafaa tukumbuke mambo yalivyoanza. Kwa muda mrefu wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walikuwa wakinung'unika kwamba wageni walioingia nchini kwa jina la uwekezaji wameonekana wakiuza bidhaa rejareja, nguo moja moja na viatu jozi moja moja, kama mchuuzi yeyote. Manung'uniko hayo yalifika mbali, hata mwanzoni mwa 2025 Serikali ikaunda kamati ya kuyachunguza. Kisha, tarehe 28 Julai 2025, Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati ule, Selemani Jafo, akatoa Amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, kuzitenga kazi 15 ziwe za raia peke yao.

Kazi hizo ni biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa ya kujihudumia na mauzo ya jumla ya namna ya pekee yahudumiayo wazalishaji wa nchini. Uwakala wa kutuma fedha kwa simu. Ufundi wa simu na vyombo vya umeme. Saluni, isipokuwa zilizomo hotelini au zihudumiazo watalii. Usafi wa nyumba, ofisi na mazingira. Uchimbaji mdogo wa madini. Upelekaji wa barua na vifurushi ndani ya nchi. Uongozaji wa watalii. Uendeshaji wa redio na televisheni. Majumba ya makumbusho na maduka ya vinyago. Udalali na uwakala wa biashara na wa majumba. Uwakala wa forodha. Ununuzi wa mazao shambani. Mashine za kamari zilizo nje ya kasino. Na viwanda vidogo na vidogo kabisa.

Adhabu nazo hazikuwa za kuchekea. Asiye raia akionekana na hatia hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kufungwa kifungo kisichozidi miezi sita, na viza yake pamoja na kibali chake cha ukaazi hufutwa. Raia anayemsaidia naye hakusahauliwa: yeye ni faini ya shilingi milioni 5, au kifungo cha miezi mitatu. Wale waliokuwa tayari na leseni halali waliachwa waendelee mpaka leseni zao ziishe muda, lakini wenye mamlaka ya kutoa leseni walikatazwa kuwapa mpya au kuwaongezea.

Msomaji wa Singida akiipitia orodha hiyo polepole ataona kwamba haikuandikwa kwa ajili ya Kariakoo tu. Ununuzi wa mazao shambani ni jambo la Iramba, Mkalama na Ikungi. Uchimbaji mdogo ni jambo la Sekenke, mahali palipogunduliwa dhahabu tangu wakati wa Wajerumani, na ni jambo la Londoni na Sambaru. Viwanda vidogo ni mashine za kukamua alizeti zinazonguruma mjini na vijijini. Udalali ni desturi ya kila soko la vitunguu. Kwa hiyo Amri hii ilipotoka, iligonga mlango wetu moja kwa moja.

VIZA SI KIBALI, NA KIBALI SI LESENI

Lipo kosa moja ambalo twalisikia kila siku, hata vinywani mwa watu waliosoma. Mtu huuliza, "Huyu mgeni ana kibali?" Akijibiwa kwamba anacho, mazungumzo huishia hapo. Lakini kibali gani? Sheria zetu hazikuweka mlango mmoja, zimeweka kadhaa, na aliyepita mmoja hakupita yote.

Mlango wa kwanza ni viza. Hii ni ruhusa ya kuingia nchini kwa muda. Viza ya kawaida ni ya mtalii na mtu aliyekuja kuwatazama jamaa. Haimpi mwenyewe haki ya kufanya biashara wala kazi. Iko pia viza ya biashara, ambayo ada yake imekuwa dola 250 za Kimarekani na muda wake hauzidi siku 90. Hiyo ni ya mtu aliyekuja kwa shughuli fupi: kufunga mashine, kukagua hesabu, kufanya mapatano. Siku 90 zikiisha, yampasa aondoke au awe amepata hati nyingine. Viza ya biashara si ruhusa ya kufungua duka, ingawa jina lake laweza kumdanganya asiyejua.

Mlango wa pili ni kibali cha ukaazi, kitolewacho na Uhamiaji chini ya Sheria ya Uhamiaji ya 1995. Vibali hivyo vina madaraja. Daraja A ni la mtu anayekuja kufanya biashara yake mwenyewe, kilimo chake, ufugaji wake, utafutaji wa madini au kiwanda. Daraja B ni la aliyeajiriwa. Daraja C ni la wengine, kama vile wanafunzi, watafiti na wamisionari. Aliyepewa daraja B ili awe fundi wa mtambo fulani hawezi jioni akawa mwenye duka. Na aliyepewa daraja C ili awe mtafiti hawezi kugeuka mnunuzi wa dengu.

Mlango wa tatu ni kibali cha kazi, kitolewacho na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015. Hata mwekezaji mwenyewe, ambaye hakuajiriwa na mtu, anacho kibali chake katika madaraja ya sheria hiyo. Sheria ilipotungwa ilikipa kibali umri wa miezi 24, kisha mwenyewe aombe tena na kuonyesha amefanya nini.

Mlango wa nne ndio wa biashara yenyewe: kusajili kampuni au jina la biashara kwa BRELA, kupata namba ya mlipa kodi, kisha leseni, ambayo kwa biashara za kundi A hutolewa na BRELA na kwa za kundi B hutolewa na halmashauri. Hapa ndipo Amri ya 2025 ilipoweka kufuli. Mgeni aweza kuwa na viza safi, ukaazi safi na kampuni iliyosajiliwa, lakini akitaka leseni ya biashara iliyomo katika zile 15, jibu ni hapana.

Mwekezaji mkubwa yuko na njia yake iliyonyooka zaidi. Tangu 1997 kilikuwapo Kituo cha Uwekezaji, na mwaka 2025 kikaunganishwa na mamlaka ya maeneo ya mauzo ya nje kuwa chombo kimoja, TISEZA. Mgeni akitaka ardhi ya kiwanda huko Singida hapewi kama apewavyo raia. Sheria ya Ardhi ya 1999 yasema asiye raia hapati ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, na ardhi hiyo hupitia kwenye chombo hicho. Mzee wa kijiji anayemkatia mgeni kipande cha ardhi kwa kupeana mikono chini ya mti amempa kitu ambacho sheria haikitambui, na kesho wote wawili watalia.

JEMBE LENYEWE NI LIPI

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, aliikumbusha nchi methali hiyo mwaka 1962, alipoeleza maana ya Ujamaa. Watu wengi huinukuu kwa kumcheka mgeni mvivu. Lakini methali ina maana mbili, na ya pili hatuna budi kuiangalia zaidi. Yasema mgeni apewe jembe; haikusema afukuzwe. Na jembe halitolewi ila na mwenyeji aliye na shamba, anayejua kazi gani ataka ifanywe.

Katika mambo ya biashara, jembe la mgeni ni lipi? Twasema ni mtaji asioupata mwananchi kwa urahisi, na ujuzi ambao bado hatunao. Kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta ya alizeti, chenye mitambo ya mamilioni, ni jembe. Mgodi mkubwa uliofunguliwa Mang'onyi, wilayani Ikungi, mwaka 2023 ni jembe. Lakini meza ya kuuzia betri na chaja za simu si jembe. Mtu aliyevuka bahari kuja kukaa nyuma ya meza hiyo hakuleta kitu ambacho kijana wa Kiomboi au Itigi hakukijua. Ametwaa kiti tu.

Ile Sheria ya 2015 ya ajira za wageni imeliweka jambo hili wazi kuliko wengi wajuavyo. Mwajiri anayeomba kumwajiri mgeni anatakiwa awe na mpango wa urithishaji, yaani mpango ulioandikwa unaoonyesha jinsi ujuzi wa mgeni utakavyohamia kwa raia, ili siku mgeni akiondoka kazi isisimame. Hilo ndilo jembe la siku ya tatu, limeandikwa katika sheria ya nchi. Je, wafanyakazi wangapi wa viwandani wamewahi kuuliza mpango huo uko wapi? Je, matawi mangapi ya vyama vya wafanyakazi yamewahi kuutaka usomwe mkutanoni? Fundi wa Kitanzania aliyesimama miaka mitano kando ya fundi mgeni, akimpa spana na kumfutia mafuta, bila kuruhusiwa kufungua mtambo kwa mkono wake mwenyewe, ameibiwa kitu cha thamani kuliko mshahara. Na huyo hakuibiwa na mgeni peke yake. Ameibiwa pia na ukimya wetu.

MIZANI YA SHAMBANI

Sasa tuje kwenye jambo lenye uchungu zaidi. Mkulima wa vitunguu anaposikia kwamba wageni wamezuiwa kununua shambani, huuliza swali la haki kabisa: "Na bei je?" Wako waliozoea mnunuzi wa mbali aliyekuja na fedha taslimu, akalipa papo hapo, akapakia na kwenda. Mkulima huyo ataka kujua kama raia atakayeshika nafasi hiyo atalipa vile vile, au atamwambia "leo soko limekufa" na kumpa nusu.

Hatutaki kumdanganya mtu. Kumwondoa mgeni shambani hakupandishi bei peke yake. Ubaya wa ununuzi wa shambani haukuwa rangi ya mnunuzi wala pasi yake. Ulikuwa ni ule upweke wa muuzaji. Mkulima mmoja, akiwa peke yake na zao linaloharibika, mbele ya mtu mwenye lori na noti, hana nguvu ya kukataa. Huuza vitunguu kabla havijakomaa kwa sababu ada ya shule yadaiwa. Huuza kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kofia juu, ingawa Wakala wa Vipimo umekwisha kukataza gunia kuzidi kilo 100. Huuza bila kujua bei ya Dodoma wala ya Nairobi. Sasa, raia akichukua mizani ile ile, lumbesa ile ile na ujanja ule ule, mkulima atakuwa amebadilishiwa mnyonyaji tu, na mirija itabaki pale pale.

Tena tukumbuke habari ya alizeti. Mwaka 2023 bei yake ilianguka vibaya, na wakulima wa Singida walilia mpaka sauti zao zikafika Bungeni. Bei hiyo haikuangushwa na mgeni aliyesimama shambani. Sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa mafuta ya kula yaliyotoka nje, hasa mafuta ya mawese ya Asia, yaliyoingia kwa wingi na kwa ushuru mdogo. Kwa hiyo yafaa kujua kwamba mkono unaomwumiza mkulima mara nyingine uko mbali sana, katika bandari na katika hesabu za ushuru, wala hauonekani kijijini.

Basi dawa ni nini? Kwa maneno ya Amri, kilichozuiwa ni kununua shambani. Maana yake ni kwamba zao litoke shambani likiwa mikononi mwa mkulima na wenziwe, lifike penye soko, penye ghala au penye mnada, na hapo wanunuzi washindane mbele ya macho ya watu. Chama cha ushirika cha msingi na mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao umetumika nchini kwa mazao kama ufuta, mbaazi na dengu, vimekusudiwa kufanya kazi hiyo hasa. Pale ushirika ulipo hai, zuio hili ni ngao. Pale ushirika ulipokufa, au viongozi wake wanapokula fedha za wanachama, zuio hili litakuwa zawadi kwa madalali wa nyumbani. Serikali imefunga mlango mmoja. Kufungua ule mwingine ni kazi yetu wenyewe.

JINA LA KUAZIMA

Sasa twafika kwenye ugonjwa ambao usipotibiwa utaifanya Amri yote kuwa karatasi. Ugonjwa huo ni kuazimisha jina. Leseni huandikwa kwa jina la Mtanzania. Duka lina picha yake ukutani. Lakini mtaji, mzigo, faida na amri zote ni za mtu mwingine aliyekaa chumba cha nyuma. Mwenye jina hupewa bahasha kila mwezi, na hiyo humtosha.

Mtu huyo hujiona mjanja. Hebu tumpigie hesabu. Kodi ikidaiwa, jina lililoandikwa ni lake. Mzigo ukionekana ni wa magendo, aliyeandikwa ni yeye. Deni la benki likishindikana, shamba la baba yake ndilo litakalonadiwa. Na tangu Julai 2025 kuna faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu kwa raia anayesaidia. Yule wa chumba cha nyuma, mambo yakiharibika, atapanda ndege. Mwenye jina atapanda karandinga.

Katika machimbo ugonjwa huu ni wa zamani zaidi. Sheria ya Madini ya 2010 iliweka leseni ya uchimbaji mdogo iwe ya raia tu. Hata hivyo, mara nyingi husikika habari za mwenye leseni aliyekaribisha "msaada wa kiufundi" wa mgeni, na baada ya muda mfupi yeye mwenyewe akawa haruhusiwi kukaribia shimo lake. Msaada wa kweli huandikwa, huonyeshwa kwa ofisi ya madini, na mwenye leseni hubaki mwenye shimo. Usioandikwa si msaada. Ni kuuza haki ya wajukuu kwa bei ya pikipiki.

Wala tusiwasahau watumishi wa umma. Leseni haijiandiki. Kibali hakijipigi muhuri. Karani anayejua kwamba mwombaji ni kivuli cha mtu mwingine, akanyamaza kwa sababu ya chai, huyo ameuza kile ambacho si chake. Mwanachama wa Chama akifanya hivyo, kosa lake ni mara mbili.

URAIA SI RANGI

Baada ya kusema hayo yote, hatuna budi kutoa onyo, tena kwa sauti kubwa. Singida ni mji wa njia panda, na katika mji wa namna hiyo wamo watu wa asili nyingi. Ziko familia zenye asili ya Uarabuni, ya Bara Hindi na ya Usomali ambazo zimekaa hapa vizazi kadhaa, zimezika wazee wao hapa, na hawana nchi nyingine. Wengi wao ni raia kama alivyo raia Mnyaturu, Mnyiramba au Mgogo. Mtu anayesimama mbele ya duka la raia mwenzake na kumwambia "nenda kwenu" kwa sababu ya pua yake au nywele zake, huyo hatekelezi Amri ya Serikali. Anaivunja Katiba.

Jambo hili si geni katika historia yetu. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili sheria ya uraia. Walikuwapo waliotaka uraia ufuate rangi. Nyerere alisimama akakataa kabisa, akasema uraia utafuata utii wa mtu kwa nchi, na alikuwa tayari Serikali yake ijiuzulu kuliko kukubali ubaguzi huo. Aliyasema hayo wakati ambapo biashara karibu yote ya nchi ilikuwa mikononi mwa watu wasio Waafrika, na wakati ambapo kusema kinyume kungempatia makofi mengi. Chama kilichozaliwa na TANU na ASP hakiwezi kuyasahau.

Tena tazameni yaliyompata jirani. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Maduka yao yaligawiwa askari na marafiki. Rafu zikabaki tupu, viwanda vikasimama, na wananchi wa Uganda ndio walioteseka. Nasi pia tunalo somo letu wenyewe: mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, tulifunga maduka ya watu binafsi vijijini kabla ya kuwa na maduka ya ushirika yaliyo tayari, chumvi na sabuni zikaadimika, na ikatubidi kurudi nyuma. Nyumba haibomolewi kabla ya kupata pa kulala.

JIRANI NA SOKO LA PAMOJA

Liko pia neno la jirani zetu wa Afrika Mashariki. Amri ya 2025 ilisema "wasio raia", na neno hilo linamkumba Mkenya na Mganda sawasawa na mtu wa mbali. Viongozi wa Kenya walilalamika, wakaukumbusha Mkataba wa Soko la Pamoja ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ambao wazungumzia uhuru wa watu, wa wafanyakazi, na haki ya kuanzisha biashara katika nchi mwanachama. Mkataba huo nao uliziachia nchi ziorodheshe mambo ambayo kila moja itayafungua na wakati wake, na ndani ya orodha hizo ndimo mjadala ulipo.

Sisi hatutaki kuamua kesi ya mabaraza ya mawaziri. Twasema tu kwamba malalamiko ya jirani yafaa yasikilizwe kwa utulivu, kwa kuwa vitunguu vyetu vyahitaji soko lake, na vijana wetu nao wamo katika miji yake. Wala tusidhani ni sisi tu wenye kuweka masharti. Kenya yenyewe mwaka 1967 ilitunga sheria ya leseni iliyowazuia wasio raia katika baadhi ya biashara na baadhi ya maeneo, na mpaka miaka hii mgeni anayetaka kibali cha mwekezaji huko hutakiwa kuonyesha mtaji wa dola 100,000. Ghana, kwa sheria yake ya 2013, iliutenga uchuuzi wa masokoni kuwa wa Waghana, na mgeni anayetaka kufanya biashara ya kuuza bidhaa akatakiwa alete mtaji wa dola milioni 1 na kuwaajiri Waghana 20. Mtanzania aendaye Guangzhou kununua mzigo huomba viza ya biashara ya Uchina, na siku zake zikiisha hufunga virago. Kila mwenye nyumba ana mlango. La muhimu ni kwamba mlango uwe na sheria inayosomeka, isiyobadilika usiku, na bei ya kuupita iwe ile iliyoandikwa ukutani, si ile inayonong'onwa.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Basi, ndugu msomaji, yatupasa tufanye nini? Mkulima auze pamoja na wenziwe, adai mizani halali, akatae lumbesa, na aulize bei ya masoko mengine kabla ya kufungua kinywa. Kijana aliye na mashine ya kukamua alizeti, au anayetamani kuwa nayo, aende SIDO akaulize mashine, ujuzi na njia za mkopo, maana nafasi iliyotengwa kwa ajili yake haitangoja milele. Nafasi ikitengwa na asiwepo wa kuikalia, mwenye nguvu atarudi kuikalia kwa jina la kuazima. Mfanyakazi wa kiwandani aulize mpango wa urithishaji. Mtumishi wa halmashauri asome Amri yenyewe, asitegemee maneno ya barazani. Na mwananchi anayemshuku mtu apeleke habari kwa Uhamiaji au kwa ofisi ya biashara. Asijifanye polisi, asimguse mtu, asiombe pasi ya mwenzake barabarani.

Viongozi wa matawi nao wana kazi. Mkutano mmoja wa kijiji unaoeleza tofauti ya viza, kibali na leseni utazuia ugomvi mwingi kuliko hotuba kumi za kulaani wageni. Na kiongozi akiwa yeye mwenyewe ndiye aliyeazimisha jina lake, asisimame kwenye mkutano huo mpaka amelirudisha.

Mgeni mwema naye asiogope. Nchi hii haikumfungia mlango; imemwonyesha ulipo. Aingie kwa hati iliyo sawa, alete mtambo tusio nao, alipe mshahara wa haki na kodi kamili, na amfundishe kijana wa Singida mpaka kijana huyo aweze kusimama peke yake. Hapo ule msemo wa kwamba mgeni akija mwenyeji hupona utakuwa kweli. Siku mbili za wali na kuku tutampa kwa moyo mweupe, na kuku wa Singida wanajulikana. Siku ya tatu atatukuta shambani tumekwisha kutangulia, na jembe lake litakuwa tayari pembeni.